Sasa ya Mwandishi na Sasa ya Msomaji: Kwa Nini Tovuti za Biashara Zisasishwe, kwa Mifano kutoka Sumbawanga na Uwanda wa Juu wa Ufipa

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kwa nini mfanyabiashara mwenye tovuti analazimika kuisasisha. Hoja yake ni ya kiisimu kabla ya kuwa ya kibiashara. Ukurasa wa tovuti hauonyeshi umri wake. Kwa hiyo msomaji hulichukua neno "sasa" lililoandikwa humo, pamoja na viambishi vya njeo na hali vyenye maana hiyo, kuwa ni sasa yake mwenyewe. Taarifa iliyokuwa kweli siku ilipoandikwa hugeuka kuwa uongo bila mtu yeyote kukusudia kudanganya. Mifano imetolewa Sumbawanga na uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, ambako umbali huzidisha gharama ya taarifa iliyochakaa. Makala yanapendekeza pia namna ya kuandika itakayopunguza kiasi cha taarifa zinazohitaji kusasishwa.

Maneno Makuu: tovuti, kusasisha, kuhuisha, uashirio wa wakati, njeo na hali, Ufipa

1.0 Utangulizi

Mwandishi wa makala haya alipokwenda Sumbawanga kwa mara ya kwanza kukusanya data za tasnifu yake, alitafuta malazi kwa simu akiwa bado Dar es Salaam. Tovuti ya nyumba moja ya wageni ilikuwa na picha safi za vyumba, bei kwa shilingi, na sentensi isemayo kwamba kwa sasa wageni wanapokelewa saa 24. Namba iliyotajwa ilipopigwa, ilipokelewa na mama mmoja wa Kahama. Kwa upole wa mtu aliyekwisha kuchoka alisema, "Mwanangu, wewe si wa kwanza. Namba hii ni yangu, na mimi sina gesti."

Mwandishi alisafiri hivyo hivyo. Alifika usiku, akaikuta nyumba ile mahali pake, taa zimezimwa na geti limefungwa. Asubuhi ilibainika kwamba biashara ilikuwa hai na vyumba vilikuwepo. Kilichobadilika ni namba ya simu, bei, na utaratibu wa mapokezi, ambao ulikuwa ukikoma saa 4 usiku. Mwenye nyumba, mzee mwenye staha, baada ya kuamkiwa na kuelezwa kisa chote, alishangazwa na jambo moja tu, kwamba tovuti ile bado ipo. "Nilidhani ilishakufa," alisema. "Hakuna anayenipigia kwa ajili ya hiyo."

Kauli hiyo ya mwisho ndiyo chanzo cha makala haya. Mzee hakupigiwa kwa sababu namba ilikuwa si yake tena, na kwa kuwa hakupigiwa aliamini kwamba tovuti haina kazi. Kwa kuwa aliamini hivyo, hakuwa na sababu ya kuirekebisha. Mzunguko huo haukatiki wenyewe. Ili kuuelewa inafaa kuanza na lugha inayotumika katika kurasa hizo, kabla ya kufika kwenye hesabu za biashara.

2.0 Vitenzi viwili vya Kiswahili

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyotumika sana kwa tendo tunalolizungumzia. Cha kwanza ni kusasisha. Kimeundwa kutokana na kielezi "sasa" kwa kuongezewa kiambishi cha usababishi, na maana yake ya moja kwa moja ni kukifanya kitu kiwe cha sasa. Cha pili ni kuhuisha, chenye mzizi mmoja na "hai" na "uhai", na ndicho kinachopendwa zaidi katika matangazo ya ofisi za umma nchini Tanzania: mwombaji wa ajira au mnufaika wa mkopo hutakiwa "kuhuisha taarifa zake" katika mfumo.

Mtu anaweza kuvitumia kama visawe, na wengi hufanya hivyo. Hata hivyo vinaonesha mambo mawili tofauti. Kuhuisha kunadokeza kwamba taarifa isiyoguswa hufa, na kitu kilichokufa huonekana kuwa kimekufa. Kusasisha hakudokezi kifo. Kunadokeza kwamba taarifa ina "sasa" yake, na kwamba sasa hiyo imeachana na ya msomaji. Mwandishi anaona kitenzi hiki cha pili ndicho chenye maelezo sahihi zaidi ya tatizo la tovuti. Ukurasa wa tovuti hauonekani umekufa. Bango la bati lililosimikwa kando ya barabara ya kuingia Sumbawanga huchakaa: rangi hubabuka, kutu hutokea pembeni, na mpita njia akilitazama anajua kwamba hoteli inayotajwa pale yafaa iulizwe kwanza. Barua ina tarehe. Tangazo la redio husikika siku linapotangazwa na kupotea hewani. Bei inayotajwa gulioni hufa gulio linapovunjika, na wiki inayofuata hutajwa upya. Ukurasa wa tovuti uliandikwa miaka 8 iliyopita hufunguka kwenye simu ukiwa na wino ule ule na picha zile zile zinazong'aa, kana kwamba umeandikwa asubuhi hii.

3.0 Uashirio wa wakati katika kurasa za biashara

Charles Fillmore, katika mihadhara yake ya mwaka 1971 kuhusu uashirio, alitofautisha wakati ambapo ujumbe unaundwa na wakati ambapo unapokewa. Watu wanaozungumza ana kwa ana wana wakati mmoja, na "sasa" ya msemaji ndiyo ya msikilizaji. Katika maandishi nyakati hizo mbili hutengana. Mtu anayeacha karatasi mlangoni yenye maneno "Nitarudi baada ya saa moja" bila kuandika ameondoka saa ngapi, amemwachia msomaji sentensi iliyo sahihi kisarufi ambayo haimsaidii kwa lolote.

Tovuti nyingi za biashara ni karatasi ya mlangoni ya namna hiyo. Sentensi za mfano zinazofuata zimetungwa na mwandishi kwa kufuata mtindo unaozoeleka, ili kutomnyooshea kidole mfanyabiashara yeyote.

Tuanze na kiambishi -na-. Katika "Tunatoa chakula cha usiku" au "Tunanunua mahindi kwa bei nzuri", kiambishi hiki hakimfungi mwandishi kwenye tarehe yoyote. Kinasema kwamba tendo linaendelea au ni la kawaida wakati wa kusema. Lakini wakati wa kusema ni upi? Kwa ukurasa usio na tarehe, msomaji hana pa kuushikiza isipokuwa dakika anayosoma. Hivyo "tunanunua" iliyoandikwa katika mavuno ya mwaka mmoja husomwa katika mavuno ya mwaka mwingine, na mkulima wa Laela au Matai anayeisoma ana haki kamili ya kisarufi kuielewa kuwa inahusu magunia yaliyopo uani kwake leo.

Kiambishi -me- kina madhara zaidi, na ni ajabu kwamba hakijatajwa mara nyingi katika mjadala huu. Hali timilifu haisemi tu kwamba jambo lilitokea. Husema pia kwamba matokeo yake bado yapo. "Tumefungua tawi jipya Namanyere" maana yake ni kwamba tawi lipo na liko wazi. Tawi hilo likifungwa baada ya miaka miwili, sentensi inaendelea kulifungua kila siku. Kivumishi "jipya" nacho kinaendelea kulifanya changa. Laiti mwandishi wa ukurasa angeandika "Tulifungua tawi la Namanyere mwaka 2017", angekuwa ameandika sentensi itakayobaki kuwa kweli hata tawi likifungwa, maana -li- pamoja na mwaka vinalifunga tukio kwenye kalenda na si kwenye dakika ya msomaji.

Kiambishi -ta- kinafahamika. "Ukumbi utakamilika mwezi Juni" bila mwaka ni ahadi inayojirudia kila Juni. Hapa lakini Kiswahili kina mtego wake wenyewe katika kirai "hivi karibuni". Kirai hiki huelekea pande zote mbili za wakati: "tumefungua hivi karibuni" ni wakati uliopita, "tutafungua hivi karibuni" ni ujao. Kitenzi ndicho kinachoonesha mwelekeo. Wabunifu wa tovuti hupenda vichwa vifupi visivyo na kitenzi, na kichwa kama "Hivi Karibuni: Ukumbi wa Mikutano wa Watu 200" hakiwezi kumwambia msomaji kama ukumbi umeshajengwa au bado ni mchanga na matofali. Mratibu wa semina anayetafuta ukumbi Sumbawanga akiwa Dodoma hawezi kuamua kwa kirai hicho, na mara nyingi hataomba ufafanuzi. Ataufunga ukurasa na kufungua mwingine.

Kutokana na haya, tovuti isiyosasishwa si sawa na tovuti iliyonyamaza. Inaendelea kusema, kwa sauti ya mwenye biashara, mambo ambayo yeye mwenyewe hangeyasema leo.

4.0 Uwanda ambao taarifa zake zimebadilika

Huenda msomaji akadhani kwamba Ufipa, ulio mbali na miji mikubwa, ni mahali ambapo mambo hubadilika polepole, na kwa hiyo taarifa za zamani hazina hatari kubwa. Rekodi za miaka ya karibuni zinaonesha kinyume chake.

Mkoa wa Rukwa, ulioanzishwa mwaka 1974, uligawanywa mwaka 2012 na Mpanda ikawa sehemu ya mkoa mpya wa Katavi. Mwaka huo huo Wilaya ya Kalambo ilianzishwa. Mwaka 2016 Tunduma, lango la kuingilia Ufipa kwa barabara ya kusini, ilitoka mkoa wa Mbeya na kuwa ya mkoa mpya wa Songwe. Kwa hiyo ukurasa wa wakala wa safari unaosema kwamba Hifadhi ya Taifa ya Katavi iko mkoani Rukwa ulikuwa sahihi ulipoandikwa mwaka 2010, na si sahihi leo.

Barabara ni mfano ulio wazi zaidi. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ina urefu wa takriban kilomita 223. Ilijengwa kwa kiwango cha lami kutokana na mkataba ambao Tanzania ilitia saini mwaka 2008 na Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani. Kabla ya hapo safari hiyo ilikuwa kazi ya kutwa, na wakati wa mvua haikuwa na makadirio ya kuaminika. Ukurasa unaomshauri mgeni akodi gari la magurudumu manne yenye nguvu ili afike Sumbawanga kutoka Tunduma unamfanya atumie fedha bila sababu, au aahirishe safari kabisa. Vivyo hivyo, mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku baada ya katazo la miaka mingi. Saa za kufika zikabadilika. Nyumba ya wageni inayoandika muda wake wa mapokezi kwa kudhani kwamba mabasi yote hulala njiani sasa ina abiria anayeshuka saa 9 usiku, katika baridi ya mji ulio mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, akiwa na namba ya simu isiyopokelewa.

Upande wa Ziwa Tanganyika kuna meli ya MV Liemba, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, na iliyokuwa ikitia nanga Kasanga. Kurasa za safari zimekuwa zikitaja ratiba yake kwa wakati uliopo, ilhali kufikia mwaka 2023 meli hiyo ilikuwa imesimama kwa miaka kadhaa ikisubiri ukarabati mkubwa. Mtu aliyeteremka kutoka Sumbawanga hadi Kasanga kwa kuamini ratiba hiyo alifika gatini bila ya kuwepo chombo.

Hata mambo ya kale hubadilika. Maporomoko ya Kalambo, yenye urefu unaozidi mita 200 katika mpaka wa Tanzania na Zambia, yamo katika matangazo ya karibu kila mwongoza watalii wa Rukwa. Septemba 2023 watafiti walioongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool walichapisha katika jarida la Nature taarifa ya magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu wa kale, yaliyopatikana karibu na maporomoko hayo upande wa Zambia, yenye umri wa angalau miaka 476,000. Mfanyabiashara wa utalii ambaye ukurasa wake haujaguswa tangu kabla ya tarehe hiyo hana neno hata moja kuhusu habari iliyolitangaza jina la Kalambo duniani.

Kuhusu kilimo maelezo ni mafupi. Ufipa una msimu mmoja wa mvua, na bei ya mahindi hubadilika kwa kila mavuno. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula nao hutangaza bei yake ya ununuzi kwa msimu. Bei ya mahindi iliyoandikwa kwenye tovuti bila kutaja msimu haina maana yoyote, na ni heri isingeandikwa.

5.0 Namba ya simu na hofu ya kutapeliwa

Turudi kwa mama wa Kahama. Namba yake ilifikaje kwenye tovuti ya Sumbawanga? Jibu limo katika historia ya simu nchini. Laini zote zilitakiwa kusajiliwa upya kwa alama za vidole, na ukomo wa usajili huo uliwekwa tarehe 20 Januari 2020. Baada ya hapo laini zisizosajiliwa zilianza kuzimwa. Namba iliyokaa bila mwenyewe kwa muda hurudishwa sokoni na kupewa mteja mwingine. Kwa hiyo namba ya zamani iliyo kwenye tovuti inaweza kuwa imepata mwenyewe mpya, ambaye hana habari na biashara hiyo.

Majina nayo hubadilika. Celtel ilikuwa Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010. Novemba 2024 Tigo ilianza kuitwa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Ukurasa unaoandika "Lipa kwa Tigo Pesa" unaeleweka na watu wazima wa leo, ila unamwambia msomaji makini jambo moja bila kukusudia, kwamba hapa hakuna aliyepita tangu wakati huo. Msomaji huyo atajiuliza ni nini kingine kisichoangaliwa.

Suala hili si la sura tu. Ni desturi nyumba za wageni na wasafirishaji wa mizigo kuomba malipo ya awali kwa simu. Kila Mtanzania mwenye simu amewahi kupokea ujumbe wa tapeli unaosema ile hela itumwe kwenye namba hii, jina litakuja fulani. Tahadhari imekuwa tabia. Mteja anapoona namba moja kwenye tovuti, nyingine kwenye ramani ya Google, na ya tatu anayopewa na mlinzi wa geti, hana njia ya kutofautisha uzembe na utapeli. Mwenye busara hatatuma fedha. Asiye na tahadhari anaweza kuituma kwa mtu asiyehusika, na kuirudisha kunategemea hisani ya mtu huyo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imemwekea anayeuza kwa njia hiyo wajibu wa kumpa mlaji taarifa za kumtambulisha na za kumwezesha kuamua. Ni vigumu kuona jinsi namba ya mtu wa Kahama inavyotimiza wajibu huo.

Hapa ndipo ilipo hasara isiyoandikwa katika daftari lolote. Mteja aliyeingia dukani akaondoka bila kununua huonekana kwa macho. Mteja aliyefungua ukurasa akiwa Mbeya, akapiga namba isiyopatikana, akachagua nyumba nyingine, haonekani. Mfanyabiashara wa Kariakoo huenda akavumilia hasara hiyo kwa kuwa wapita njia ni wengi. Wa Sumbawanga, mji ulio zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, ana wageni wachache ambao wengi hufanya uamuzi wakiwa bado mbali, na tovuti ndiyo mlango wa kwanza wanaougusa.

Pengo hilo halibaki tupu. Jina la Sumbawanga, kwa maelezo yanayojulikana sana, linatokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya kutupa uchawi. Nchini jina hilo limegeuzwa kichwa chini na kuwa mzaha wa mji wa wachawi, na mtu anayelitafuta mtandaoni hukutana na mzaha huo mapema. Habari za zamani za watu wengine hupanda juu pale ambapo wenyeji hawaandiki mpya. Mwandishi hadai kwamba tovuti ya duka la pembejeo itafuta sifa hiyo. Lakini kurasa za kweli, zenye tarehe, zinazoeleza nini kinauzwa wapi na kwa bei gani, zinampa msomaji kitu kingine cha kusoma.

6.0 Nani anashika ufunguo

Swali la kwa nini mzee hakurekebisha tovuti yake baada ya kuambiwa lina jibu ambalo mwandishi hakulitarajia. Hakuwa na uwezo wa kuifungua. Iliundwa na kijana mmoja ambaye baadaye alihamia mji mwingine. Nywila alikuwa nayo yeye, na jina la kikoa lilisajiliwa kwa barua pepe yake. "Alinikabidhi nyumba," mzee alisema kwa utani, "ufunguo akaondoka nao."

Mpango wa namna hii ni wa kawaida, na haufai kuchukuliwa kuwa ni hila ya vijana. Tovuti hununuliwa kama bango: hulipiwa mara moja, husimikwa, kazi imekwisha. Mkataba, pale unapokuwepo, hutaja kuunda na hautaji kutunza. Ilhali kikoa hulipiwa kwa kipindi, na ada isipolipwa kinaweza kuchukuliwa na mtu mwingine ambaye ataweka humo anachotaka, chini ya jina ambalo wateja wanalijua. Programu zinazoendesha tovuti nazo hugunduliwa nyufa za kiusalama kila mara, na tovuti ambayo programu zake hazijasasishwa huingiliwa na kupachikwa viungo vya kamari au vya kuiba nywila. Tovuti inayopokea taarifa za wateja inaongeza uzito mwingine, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamgusa mwenye biashara mwenyewe. Hawezi kujitetea kwa kusema kwamba ufunguo hakuwa nao.

Hivyo kusasisha kunaanza na umiliki. Kikoa kisajiliwe kwa jina na barua pepe ya biashara, nywila ikae kwa mwenyewe, na malipo ya utunzaji yaandikwe katika mkataba pamoja na ya uundaji.

7.0 Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza hutolewa na wafanyabiashara wenyewe: siku hizi biashara iko WhatsApp na Instagram, tovuti ni ya nini? Hoja hiyo ina nguvu, na ni vyema ikakubaliwa kwa kiasi fulani. Picha inayowekwa kwenye hali ya WhatsApp hutoweka baada ya saa 24. Kwa maneno ya sehemu ya tatu, inajifuta yenyewe kabla sasa mbili hazijaachana. Kwa muuzaji wa nguo mwenye wateja wanaomfahamu, hiyo inatosha. Haimfikii, hata hivyo, mtu asiye na namba yake: mnunuzi wa maharage kutoka nchi jirani, mtafiti, mwandaaji wa semina, familia inayosindikiza mgonjwa. Hao huanza kwa kutafuta. Na kama mfanyabiashara ameamua kwamba hataitunza tovuti, jambo la uaminifu ni kuiondoa.

Pingamizi la pili linawahusu watafiti, na mwandishi analiona zito zaidi. Mtafiti anaponukuu tovuti huandika tarehe aliyoisoma, kwa kuwa anajua kwamba kesho inaweza kuwa tofauti. Kila usasishaji unaofuta maandishi ya awali unafuta ushahidi. Bei za vyumba Sumbawanga kabla na baada ya lami zingekuwa data nzuri kwa mwanauchumi, na kurasa zilizoachwa bila kuguswa zimezihifadhi kwa bahati. Je, uzembe huo si hazina? Jibu la mwandishi ni kwamba ushahidi usio na tarehe ni ushahidi dhaifu, na kurasa hizo kwa kawaida hazina tarehe. Kusasisha si lazima kuwe kufuta. Taarifa ya zamani inaweza kuhamishiwa sehemu ya kumbukumbu ikiwa na mwaka wake, na Internet Archive, iliyoanzishwa mwaka 1996, huhifadhi nakala za kurasa nyingi kwa tarehe zake.

Kutokana na uchambuzi wa njeo, mwandishi anapendekeza njia inayopunguza kazi. Yaliyopita yaandikwe kwa -li- na mwaka, kisha yaachwe. Hayatahitaji kuguswa tena. Yajayo yatajwe kwa tarehe kamili au yasitajwe. Vinavyobaki katika -na- viwe vichache ambavyo mwenye biashara anaweza kuvipitia kwa dakika 10: namba ya simu, bei, saa, njia ya malipo, mahali. Kuhusu mahali, Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 imezipa nyumba namba na mitaa majina, na maelekezo ya "ukishuka uliza kwa fundi baiskeli" yanaweza kupumzishwa. Chini ya hayo iwepo sentensi moja: "Taarifa hizi zilihakikiwa tarehe fulani." Sentensi hiyo inaufanyia ukurasa kile ambacho kutu hulifanyia bango. Msomaji anaona umri wake na kuamua mwenyewe kama apige simu kwanza.

Mzee wa Sumbawanga hakufanikiwa kuirudisha tovuti ile ya awali. Kijana alipatikana kwa simu, akatoa ushirikiano, lakini barua pepe iliyosajili kikoa naye alikuwa amekwisha kuisahau nywila yake. Ilibidi kusubiri usajili uishe muda, kisha kikanunuliwa upya, mara hii kwa jina la mzee. Ukurasa wa sasa ni mmoja tu, hauna picha nyingi, na bei imeandikwa pamoja na tarehe ilipoanza kutumika. Kwenye mstari wa namba ya simu mzee aliagiza yaongezwe maneno ambayo mbunifu hakuyapenda na mwandishi aliyatetea: "Namba ya zamani si yetu tena, tafadhali usimsumbue mwenyewe."